Honi ya Mzee Tannous

Ishmael Kiptoo hamuulizi mtu anatoka wapi. Humuuliza kwao hupakiwa nini. Jumapili baada ya ibada, pale Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, mgeni akisimama kando na kikombe chake cha chai asijue aanze kuongea na nani, mzee huyu humsogelea, humpa mkono, na swali la pili huwa ndilo hilo. Ukimwambia Bungoma, atatikisa kichwa na kusema, "Sukari." Ukimwambia Nanyuki, "Ngano na ng'ombe." Kuna Mkongomani mmoja alimwambia Goma; mzee akafikiri sana, akamuuliza kama reli ilifika huko, na alipoambiwa haikufika akampa pole kana kwamba kafiwa.

Vijana humcheka chinichini. Wanadhani ni uzee. Uzee upo, siukatai, lakini hilo la mizigo alikuwa nalo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Ndivyo alivyofundishwa kuwajua watu, na aliyemfundisha alikuwa stesheni masta Clifford wa Kapchelel.

Kapchelel usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwa stesheni ndogo kwenye tawi la reli la kwenda Kitale: jengo moja la mabati mekundu, ghala, tangi la maji, na reli ya pembeni ya kupakilia. Ishmael alikuwa karani wa mizigo. Mwezi wa Machi mabehewa yaliingia na mbolea. Mwishoni mwa mwaka yaliondoka na mahindi, na katikati yake kulikuwa na alizeti, ngano na maganda ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea dawa ya kusindikia ngozi za ng'ombe, ambayo harufu yake iliingia kwenye shati ikakataa kutoka. Wakulima walikuja wenyewe kuomba behewa. Walikuja na matope hadi magotini, wakakaa kwenye benchi la nje, na Clifford akatoka kuwaamkia mmoja mmoja kabla hajauliza wana magunia mangapi. Alikuwa mtu wa Vihiga, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakuwahi kuwaita wakulima. Aliwaita wateja, na neno hilo alilitamka kama vile wengine wanavyotamka wakwe.

Kapchelel ilikuwa na desturi yake, na sidhani kama ilikuwepo stesheni nyingine. Mteja alipokufa, watu wa reli walingoja azikwe. Kisha, mzigo wa kwanza wa nyumba yake ulipotoka baada ya maziko, behewa lake lilifungwa mwisho kabisa, mahali ambapo kila mtu angeliona likienda. Treni ilipofika sambamba na shamba lake ilisimama. Dereva alipiga honi moja ndefu, watu wa treni wakavua kofia, halafu wakaendelea na safari. Basi. Hapakuwa na hotuba. Mara ya kwanza Ishmael kuiona, ilikuwa ni kwa Arap Birgen, mzee aliyepakia alizeti. Mjane alitoka nyumbani na leso mabegani, watoto wakamfuata, wakasimama kando ya ua. Honi ilipokwisha, mjane yule aliinua mkono akaipungia treni kama anayemsindikiza mgeni wake. Ishmael alikuwa kijana wakati huo, na alijifanya ana kitu kwenye jicho.

"Mteja ametuletea mzigo maisha yake yote," Clifford alimwambia. "Hata kumlilia tushindwe?"

Halafu malori yakaja. Sitawasema malori vibaya kuliko wanavyostahili. Lori hufika mlangoni, halingoji behewa, halingoji mtu. Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu wanaohama kanisa. Kuna msimu mabehewa yalikuja machache, msimu uliofuata hayakuja. Clifford alistaafu akarudi Vihiga. Majani yakaota kati ya reli, kisha juu ya reli, na mbuzi wakapata malisho. Siku treni ya mwisho ilipopita Kapchelel hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, kwa hiyo hakuna aliyevua kofia. Jambo hili Ishmael alilibeba. Stesheni iliyowalilia wote ilikufa bila kuliliwa.

Aliyemleta Sydney ni mkewe, Zilpah. Zilpah ni nesi, na nesi kwa nchi hii ni kama mvua ya masika, hakuna anayeikataa. Akapata kazi hospitalini, akamleta mume na binti yao Cherotich, wakapanga nyumba Mount Druitt wakakaa. Ishmael alizunguka kwenye maghala ya bidhaa, akasukuma vitoroli, akafanya zamu za usiku, na moyo wake haukutulia mpaka alipoona tangazo la kampuni ndogo ya reli iliyotaka mtu wa kuunganisha na kufungua mabehewa. Zilpah alimwambia, "Baba Cherotich, umevuka bahari nzima kuja kushika vyuma vilevile?" Alijibu ndiyo, na alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu Kenya.

Lilikuwa tawi fupi, lililochepuka kutoka kwenye reli kubwa likapita nyuma ya viwanda, si mbali sana na Guildford. Zamani lilikuwa na wateja kila upande: kiwanda cha karatasi, cha mabomba, cha kimea cha bia. Ishmael aliwakuta wakiisha. Kando ya reli miti ya miwati ilichanua njano kila mwisho wa baridi, ileile miwati ya Uasin Gishu, na alipoambiwa kwamba hapa ndipo kwao, kwamba ni sisi tulioletewa, alicheka mwenyewe. Kumbe mti ulikuwa umetangulia kuifanya safari yake, kinyumenyume.

Mteja wa mwisho alikuwa Mzee Tannous. Alikuwa na kinu cha unga mwishoni mwa tawi, na ngano yake ilitoka bara kwa treni. Mtu mfupi, mwenye nyusi nene, aliyetoka Tripoli ya Lebanon akiwa kijana. Kila treni ilipoingia alitoka ofisini na sinia, na juu ya sinia vikombe vidogo vya kahawa nyeusi yenye iliki. Kimoja cha dereva, kimoja cha Ishmael, kimoja chake. Alisimama akitazama ngano ikimwagika chini ya mabehewa mpaka iishe. Alimwita Ishmael "Ismaïl", naye Ishmael akamwita "Mzee", neno ambalo Tannous alilipenda alipoelezwa maana yake.

"Kwetu stesheni ipo," Tannous alimwambia siku moja. "Injini ziko pale pale zilipoachwa wakati wa vita. Miti imeota ndani yake. Binti yangu Salwa ananiambia malori ni rahisi zaidi. Najua. Lakini Ismaïl, mimi nimeshaona reli moja ikifa."

"Mimi pia, Mzee," Ishmael alisema.

Walikunywa kahawa yao hadi ikaisha. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Mzee Tannous alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi, usingizini, kifo ambacho wengi tunakiomba. Ishmael na Zilpah walikwenda kanisani kumzika. Wiki ile ile meneja wa reli aliwaita watu wake, akawaambia bila kuzunguka: Salwa ndiye mkuu wa kinu sasa, na watu wa malori wameshaanza kumtembelea. Mkataba unaisha msimu huu. Akiondoka, tawi linafungwa.

Ishmael hakuogopa kukosa kazi. Umri wa kupumzika ulikuwa umefika, na Zilpah alikuwa akimkumbusha kila chakula cha jioni. Alichoogopa ni kingine, na alimwambia mkewe wazi: "Hili litakuwa la pili kunifia mikononi, Mama Cherotich. Kama lile la kwanza, kimyakimya, na mbuzi juu yake."

"Hapa hakuna mbuzi," Zilpah alisema, lakini kwa upole.

Dereva wa treni ile alikuwa Lazare, Mkongomani wa Kalemie, ambaye baba yake naye alikuwa mtu wa reli kule. Ngano ya kwanza baada ya maziko ilipokuwa njiani, Ishmael alimfuata, akamweleza desturi ya Kapchelel mwanzo hadi mwisho. Lazare alisikiliza akijikuna kidevu.

"Papa Ishmael, ile honi ni ya sécurité tu, ya usalama," alisema. "Watu ya zile ma-flat mupya wanatuangalia. Tukipiga kidogo tu wanatelefone chef, ule meneja yetu. Juzi tu alinigombeza."

"Mimi nitasema ni mimi."

"Na mimi niseme nini? Kama mukono wangu ulipiga yenyewe?" Halafu akacheka kidogo. "Papa yangu, siku alikufa, hakuna hata train moja ilikuwa inatembea kule kwetu. Sawa, vieux, mzee wangu. Moja tu. Lakini ndefu."

Ishmael alilipanga behewa la mwisho kwa mkono wake. Yote yalikuwa ya Tannous, ni kweli, yote yalikuwa ya ngano ileile. Lakini desturi ni desturi, akachagua moja safi akalifunga mkiani. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Treni ilipofika kwenye lango la kinu ilisimama. Ishmael alishuka, akasimama kando ya reli, akavua kofia yake ya plastiki akaibana kifuani. Lazare akapiga honi.

Hapa sasa ndipo nitakapomlaumu Ishmael. Miaka yote ile ya kunywa kahawa ya watu, hakuwahi kuuliza wafanyakazi wa kinu wamefundishwa nini. Vumbi la unga ni kitu cha hatari. Likijaa hewani likakutana na cheche, jengo zima huruka. Kwa hiyo kinu kina sheria zake, na mojawapo ni hii: ukisikia honi ndefu isiyokatika, acha ulichoshika, toka nje. Kapchelel honi ndefu ilikuwa kilio. Hapa ilikuwa kengele ya moto.

Milango ikafunguka. Watu wakatoka mbio, wenye aproni nyeupe, wenye kofia za nywele, mmoja na mkate mdomoni. Mashine zikazimwa. Kwenye ghorofa za jirani madirisha yakafunguliwa, mama mmoja akaita mtoto wake ndani. Mwisho wakatoka mabwana wawili wenye mashati ya kampuni ya malori, wakiwa wameshika makaratasi yao, na nyuma yao Salwa Tannous, uso umempauka. Kinu kizima kikajipanga kwenye uwanja wa magari kikingoja mlipuko. Na mbele yao wote, kando ya reli, mzee mmoja Mkalenjin amesimama wima na kofia kifuani, ameinamisha kichwa.

Hakukuwa na moto. Salwa alimwendea karibu akikimbia.

"Kumetokea nini?"

Ishmael alimtazama, akatazama umati, na ndipo alipoelewa. Kiingereza chake, ambacho siku nyingine humtosha, kilimkimbia. Alisema tu kwamba ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Kwamba kwao, mteja akifa, treni humlilia. Akaonyesha behewa la mkiani, kana kwamba lingemsaidia kueleza.

"Umesimamisha kinu changu," Salwa alisema. Sauti ilitetemeka, lakini kwa hasira. "Mbele ya wageni wangu. Umewatia watu hofu ya kufa." Akageuka, akawaambia watu wake warudi kazini.

Jioni hiyo meneja alimwambia Ishmael akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Lazare alipata onyo la maandishi. Ishmael alijaribu kumwomba radhi kwa simu, Lazare akamjibu, "Vieux, acha. Ilikuwa mzuri." Ila Ishmael hakuona uzuri wowote. Alikuwa amemdhalilisha binti wa rafiki yake, na zaidi ya yote, alijua amemsukumia mikononi mwa malori kwa kofi la mgongoni.

Alikaa nyumbani Mount Druitt. Alifyeka majani yaliyokuwa hayahitaji kufyekwa. Alitengeneza bomba lisilovuja, likaanza kuvuja. Cherotich alipopita kumwona alimwambia, "Dad, you can't just do village stuff at a workplace," naye akamjibu kwamba Kapchelel haikuwa kijiji, ilikuwa stesheni. Zilpah alimfokea siku mbili tatu, mzee mzima kutoa watu kazini mbio kama kuku, na siku iliyofuata akamkuta ameketi jikoni gizani mchana, mapazia yamefungwa, akaacha kumfokea. Alimchemshia chai ya maziwa, akaketi naye. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alijua lini yatoshe.

Salwa alikuja mwenyewe. Alikuja Jumamosi, bila kupiga simu, na kwa nyumba ya Wakenya hilo halina neno. Zilpah alimkaribisha kama mtu aliyekuwa akingojwa, akamwekea chai na mandazi kabla hajauliza shida. Salwa alikula andazi moja lote kabla ya kusema chochote.

"Nimesaini na malori," alisema.

Ishmael aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelitarajia, na bado lilimchoma.

"Si kwa sababu ya honi. Nilitaka ulijue hilo. Nilikuwa nimeshaamua kabla baba hajafa, sikuthubutu kumwambia. Kinu hakiwezi kubeba tawi zima la reli peke yake." Aliangalia kikombe chake. "Siku ile nilikasirika mpaka usiku. Halafu nikakumbuka jambo. Watu mia walikuja kwenye maziko ya baba, wote wakasema alikuwa mtu mwema. Lakini hakuna aliyenionyesha kwamba alikuwa mteja wa mtu. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote, na mimi nilikuwa namwona mkaidi tu." Hapo machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Treni ya mwisho inaingia Alhamisi. Nimezungumza na meneja wako, amekurudisha kazini. Nataka uifanye tena. Vizuri, safari hii. Watu wangu nitawaambia mimi."

Ishmael aliweka kikombe chini. Zilpah akamjibia mumewe: "Atakuja."

Na Alhamisi alikuja, shati lake limepigwa pasi na mkewe hadi likawa na makali. Salwa alikuwa amebandika matangazo hata kwenye milango ya zile ghorofa. Ngano ilimwagwa yote kwanza. Salwa alileta sinia yeye mwenyewe, na vikombe vya babake. Kahawa yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi na iliki imezidi, na Ishmael aliinywa hadi mashapo. Kisha mashine zikazimwa, safari hii kwa mpango, na wafanyakazi wakatoka polepole, wakajipanga uwanjani palepale walipojipanga siku ile. Kwenye baraza za ghorofa watu walisimama. Yule mama alikuwa amembeba mtoto wake aone.

Ishmael alifunga behewa la mwisho, akalipigapiga ubavuni kwa kiganja, kama tunavyomuaga ng'ombe mzuri anayeuzwa. Akarudi nyuma, akavua kofia. Wafanyakazi wa kinu wakamwangalia, kisha mmoja mmoja wakavua zao. Lazare akapiga honi, ndefu, ikapita juu ya mapaa na miwati na barabara ya malori, ikaisha.

Salwa alikuwa amesimama kando ya Ishmael, anafuta uso kwa ukingo wa mkono.

"Na ile stesheni yako," aliuliza, "ilipofungwa, nani aliipigia?"

"Hakuna," Ishmael alisema. "Hatukujua kama ndiyo mwisho."

Salwa alimtazama kidogo. Kisha akamgeukia Lazare aliyekuwa ametoa kichwa dirishani kwenye injini, akainua mkono juu.

"Piga tena," alisema.

Lazare hakuuliza ni ya nani. Honi ya pili ilianza, na Ishmael Kiptoo, karani wa mizigo wa Kapchelel, alilia mbele za watu wote, kwa sauti, bila kujifanya ana kitu kwenye jicho. Treni ilipoanza kuondoka, aliinua mkono akaipungia mpaka behewa la mkiani likapotea nyuma ya miwati.